Aina Tatu za Povu la Deraya Nilizozijaribu Mombasa, na Ile Iliyonifikisha NAICCON

Deraya yangu ya N7, vazi la mhusika wa gemu nililolitengeneza mwenyewe, ina uzito wa kilo 3 na gramu 200. Niliipima kwenye mizani ya muuza nafaka wa mtaani kwetu Majengo, siku mbili kabla ya safari ya NAICCON, kongamano la komiki na gemu la Nairobi, vipande vyote vikiwa ndani ya gunia la mchele: kifua na mgongo, mabega, vigasha, mapaja na miundi. Muuzaji aliigonga mizani kwa kiganja akidhani imekwama. Kwa macho yake aliona bati la gari, akatarajia mzigo wa watu wawili. Nilimpa bega moja alishike, akaliinua kwa vidole viwili, akaligeuza upande wa ndani, akaniuliza, "Hili si la ndara hili?"

Ndilo hilo. Ni EVA, povu lile lile la ndara na la soli za raba, na kazi yangu leo ni kueleza lipi la kununua na lipi la kuliacha dukani. Maelezo mengi niliyoyakuta nilipoanza yameandikwa na watu wa Marekani na Ulaya. Ni mazuri na yamenifunza mengi, lakini yanataja bidhaa zisizouzwa kwetu na hayasemi lolote juu ya jua la saa saba mchana. Mimi nimejaribu aina tatu, zote nimezinunua hapa hapa mjini kwa pesa yangu, na moja tu ndiyo nitakayoinunua tena bila kusita.

Kwa wasiocheza gemu: N7 ni deraya ya Kamanda Shepard wa Mass Effect, gemu ya BioWare ya Kanada iliyotoka mara ya kwanza Novemba 2007. Herufi N ni ya vikosi maalumu na 7 ndiyo daraja la juu kabisa la mafunzo yao. Mchezaji huchagua mwenyewe Shepard awe mwanamume au mwanamke. Mimi niliingilia kwenye Legendary Edition, ile ya mwaka 2021 iliyokusanya gemu tatu pamoja, kwenye kompyuta ya kaka yangu, na Shepard wangu alikuwa mwanamke tangu dakika ya kwanza. Sauti aliyompa Jennifer Hale naisikia hadi nikiwa jikoni. Deraya yake ni nyeusi ya mkaa, na mkono wa kulia una mstari mwekundu uliobanwa na mistari miwili myeupe, kuanzia begani kushuka chini. Ni nguo ya mtu wa kazi. Mimi ni mtu wa hijabu, na katika mavazi yote niliyowahi kuyatamani kwenye picha za mashabiki, hili ndilo ambalo sikuhitaji kulibadilisha hata kidogo: jezi nyeusi ya mikono mirefu, suruali nyeusi, mtandio mweusi, na deraya juu yake. Chapeo sikutengeneza. Shepard mwenyewe mara nyingi anaonekana bila chapeo.

Sisi wa pwani tulilijua povu hili kabla ya kulijua jina lake. Ndilo linalotupwa ufuoni na maji, ndara moja moja zisizo na pacha, jua limezibabua rangi na chumvi imezila kamba, lakini soli bado nzima. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu na fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa, lilivishwa ndara kama 30,000, likashushwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Kitu kinachovumilia mawimbi namna hiyo kitanivumilia na mimi siku mbili za kusimama ukumbini. Shida ni kwamba si kila kinachouzwa kwa jina la EVA kinafaa kuwa deraya.

Nilianza na mikeka ya watoto, ile ya rangi rangi yenye herufi za kuchomoa, kwa sababu ndiyo ya bei ya chini: vipande 10 vya sentimita 30 kwa 30, shilingi 1,200. Duka sitalitaja. Muuzaji aliniapia kwamba ni EVA tupu, na pengine na yeye ndivyo alivyoambiwa. Nilipokata kipande cha kwanza nikaona ndani matundu kama ya kitumbua. Nikakibonyeza kwa ukucha, alama ikabaki pale pale, haikurudi. Nilipokipasha moto kilikunjamana na kunywea badala ya kulainika. Rangi niliyoipaka ililala matunduni na kuacha sehemu nyingine kavu. Nilimaliza kigasha kimoja kwa ukaidi tu, nikakivaa, nikakunja mkono, kikapasuka kwenye kiwiko.

Halafu ile harufu. Mikeka mipya ya povu hunuka kali, na harufu hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2010 Ubelgiji na Ufaransa zilizuia mikeka ya watoto ya aina hii isiuzwe kwa sababu ya kemikali iitwayo formamidi. Kwa hiyo povu lolote utakalonunua, lianike nje kivulini siku kadhaa kabla hujaliingiza chumba unacholala. Mikeka ya watoto siipi alama yoyote. Iachie kazi ya kuwekea magoti ukifua.

Aina ya pili ni mikeka ya jimu, ya kijivu au nyeusi, inayouzwa kwa kutandika chini ya vyuma vya mazoezi. Sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 12, pakiti ya vipande 4 nililipa shilingi 1,800. Hii ni kitu kingine kabisa. Ukiibonyeza kwa ukucha inarudi. Ukiikunja inakukataza kidogo kisha inakubali. Kwa kifua, mgongo na mapaja ilinitosha, na kama wewe huna namna nyingine, jenga nayo na utapata deraya ya heshima.

Lakini ina kasoro zake. Ile 60 wanayoiandika imehesabu na meno ya kuunganishia, na ukishayakata umebakiwa na 57 hivi; mimi nilipanga kifua changu kwa 60 kamili, nikaishia kukiunga katikati mahali pasipotakiwa kuwa na mshono. Upande mmoja una michirizi ya kuzuia kuteleza, kwa hiyo ni upande mmoja tu unaofaa kuwa nje, na ukisahau ukachora vipande vya kulia na kushoto bila kuigeuza karatasi, unapata mabega mawili ya kulia. Na unene ni huo mmoja. Milimita 12 ni sawa kwa bamba la kifua, lakini ukitaka ukingo mwembamba juu ya bega, au vile vipande vidogo vinavyopangana kiunoni, huna pa kuupunguza. Nilijaribu kulipasua povu kwa unene, kama anayepasua mkate atie nyama ndani. Lilitoka mawimbi mawimbi.

Aina ya tatu ilikuwa imelala muda wote chini ya benchi la mjomba wangu.

Mjomba ni fundi viatu upande wa Mwembe Tayari, na yuko pale tangu mimi sijazaliwa. Nilikwenda kwake kuomba gundi. Nikiwa nimechuchumaa kutafuta mfuniko wa kopo, mkono wangu ukashika roli jeusi, laini pande zote mbili, zito kuliko nilivyotarajia. Nikauliza ni nini. "Shiti ya soli," akasema, kama ninayeuliza maji ni nini. Ni EVA. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya mafundi viatu, yale yenye ngozi, misumari, nyuzi na visigino, na inauzwa kwa unene unaoutaka: milimita 3, 5, 10, na zaidi. Haina meno, haina michirizi, haina herufi za kuchomoa. Nilikuwa nimeshatumia miezi minne nikihangaika na mikeka.

Nilinunua nusu shiti ya milimita 10 kwa shilingi 1,100 na nusu ya milimita 3 kwa shilingi 500. Kisu kilipita ndani yake kama kwenye halua iliyolala, na mkato ulitoka mweusi, bapa, unang'aa, hauna tundu hata moja. Ile milimita 3 hukatwa kwa mkasi, na ndiyo niliyoitumia kwa mapambo yote ya juu: mistari ya kifuani, kingo za mabega, vifuniko vya magoti. Mabega yote mawili niliyajenga upya kwa milimita 10, na vigasha pia. Ni ngumu zaidi kuliko mkeka wa jimu, kwa hiyo inataka moto zaidi na mikono iliyotulia. Na uso wake una utelezi fulani ambao gundi haiupendi, lazima upitishe msasa kwanza. Hiyo ndiyo kasoro pekee niliyoiona. Hii naipa 9 kati ya 10.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya kisu. Nilikuwa nakinoa kisu nikikumbuka, labda mara moja kwa siku. Mjomba ana kinoo kando ya goti lake na anakinoa kila baada ya mikato mitatu au minne, mapigo mawili huku, mawili kule, bila hata kutazama. Kisu butu hakilikati povu, hulitafuna, na mshono wa kingo zilizotafunwa hautafichika kwa rangi yoyote. Nilipofuata mwendo wake, mishono yangu ilifungana hadi mdogo wangu akashindwa kuona bega limeungwa wapi.

Vipimo nilivichukua mwilini. Mdogo wangu alinizungushia nailoni ya kufungia chakula juu ya jezi, akabandika selotepu ya karatasi juu yake hadi nikawa kama maiti ya Misri, akachora mistari ya vipande kwa kalamu, akapasua kwa mkasi taratibu mgongoni. Yale maganda tukayalaza juu ya karatasi ya manila tukayachora. Kuna programu za kompyuta zinazokunjua umbo la gemu kuwa vipande vya karatasi, Pepakura Designer ndiyo maarufu, na ukitaka chapeo yenye pembe nyingi sidhani kama utaikwepa. Kwa kifua na mabega, ganda la selotepu linatosha na linakukaa wewe, halimkai mtu wa kwenye skrini. Ongeza sentimita moja au moja na nusu kwa ajili ya unene wa povu. Mimi paja la kwanza nilisahau, nikashindwa kulivaa.

Sasa gundi, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu deraya nyingi mbovu nilizoziona ni za povu zuri na gundi mbaya.

Siku ya kwanza mjomba aliniona nikipaka gundi upande mmoja tu na kuubandika hapo hapo, mbichi. Akaweka chini kiatu cha mteja. "Mwanangu, hiyo si stempu." Akachukua vipande vyangu viwili, akavipitishia msasa, akapuliza vumbi, akachota gundi kwa kipande cha kadi ya plastiki na kuitandaza nyembamba, nyembamba sana, pande zote mbili. Kisha akaviweka mbali mbali juu ya benchi na kurudi kwenye kiatu chake. Mimi nikanyoosha mkono. "Gundi haitaki haraka. Yangoja." Akapigilia msumari wa kisigino, akang'oa mwingine uliochakaa, akampa mteja chenji. Ndipo akaigusa ile gundi kwa kifundo cha kidole, wala si kwa ncha, maana ncha ya kidole cha fundi ina gundi tayari na itakudanganya. "Ikikushika, bado. Ikikubusu ikakuacha, bandika." Akazileta zile kingo, akaanza kwenye pembe moja na kuzifunga kidogo kidogo kama anayefunga zipu, kisha akazigongagonga kwa nyundo yenye kichwa kipana. Nilijaribu kuzitenganisha. Povu lilichanika pembeni, mshono ukabaki.

Hiyo ni gundi ya kawaida ya viatu, ya kopo, shilingi 850 kwa lita katika duka lile lile la shiti. Hukauka kwa dakika 10 hadi 15, na wakati wa kaskazi hata kabla ya hapo. Ikishagusana hairudi nyuma, kwa hiyo weka alama za kalamu kwenye kingo zote kabla hujapaka. Msimu wa masika nilikutana na jambo ambalo hakuna maelezo ya kigeni yaliyonionya: gundi ilifanya utando mweupe, kama maziwa yaliyoganda juu, na mshono wake ukafunguka kwa kuuvuta tu. Ni unyevu. Kiyeyusho kikiruka, uso wa gundi hupoa na kunyonya maji ya hewani. Tangu hapo nikiona mawingu sibandiki kitu, au napitisha hewa ya moto ya blowa kwa mbali hadi ule weupe uondoke.

Gundi ya vijiti, ile inayoyeyushwa kwa bunduki ya umeme, nakuomba uiache kabisa kwa mishono ya deraya hapa pwani. Nitasema kwa nini.

Lakini kwanza hewa. Gundi ya viatu ina toluini, kiyeyusho chenye mvuke wa sumu. Ni gundi ile ile wanayoivuta watoto wa mitaani kwenye chupa za plastiki, na kila anayepita Mwembe Tayari jioni amewaona. Mjomba kopo lake hulifungia ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na hamuuzii mtoto hata akija na hadithi ya kiatu cha nani. Nilipomwambia nitabandikia chumbani kwangu, alikataa kunipa gundi mpaka nilipomwahidi nitafanyia juu ya paa, panapoanikwa nguo. Amekaa na mvuke huo miaka na miaka na kichwa humuuma kila jioni. Hilo aliniambia siku hiyo, na sikuwa nalijua. Nilinunua barakoa mbili za vichungi vya mvuke wa kemikali, moja yangu na moja yake. Ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Barakoa hizo zilinigharimu kuliko povu lote la mabega, shilingi 2,400 kila moja, na ndiyo pesa ninayoifurahia zaidi katika hesabu yote hii. Yake anaivaa. Si kila siku, lakini anaivaa.

Umbo hutokana na moto. Nilitumia blowa ya hewa moto ya wati 2,000, aina wanayotumia wabandika karatasi nyeusi za vioo vya magari, shilingi 2,600. Unaipitisha juu ya povu bila kusimama, sentimita kama 10 mbali. Mwanzo hakuna kinachotokea. Kisha uso wa povu, uliokuwa umefifia kama ubao wa shule, unaanza kung'aa kidogo, kama ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi. Vile vitundu vidogo vya juu vinajifunga. Hapo unazo sekunde chache. Kifua nilikikunjia juu ya sufuria kubwa ya mama ya pilau, mabega juu ya bakuli la shaba la nyanya yangu, nikiwa na glavu za kitambaa, nimekandamiza na kuhesabu hadi 60. Ukiachia mapema linarudi bapa. Ukisimamisha blowa mahali pamoja povu linafanya malengelenge na hakuna dawa. Pita hatua hii hata kwa vipande visivyohitaji kukunjwa, kwa sababu ule uso uliojifunga ndio unaozuia povu lisinywe rangi yako yote.

Na moto huo huo ndio adui. Kifua changu cha kwanza, cha mkeka wa jimu, nilikimaliza Februari. Kwapani niliishiwa gundi ya viatu usiku, nikamalizia mishono miwili kwa gundi ya vijiti. Kesho yake nilikiweka nyuma ya gari la kaka yangu tukapige picha ufuoni Mama Ngina, tukaenda kula kwanza, gari likakaa juani saa moja na nusu, vioo vimefungwa. Tuliporudi mishono ya gundi ya vijiti ilikuwa imefunguka yote miwili, na kifua, kile nilichokikunja juu ya sufuria kwa uangalifu wote ule, kilikuwa kinarudi kuwa mkeka. Nililia pale pale. Mishono ya gundi ya viatu haikuachia hata mmoja.

EVA ina kumbukumbu: iliumbwa bapa, na ukiipa joto la kutosha itajaribu kurudi bapa. Nilikipasha upya, nikakikunja upya, safari hii kikapata mbavu kwa ndani: vipande vya shiti ya milimita 3, upana wa sentimita 3, nimevibandika kukata mishono na kufuata mkunjo. Tangu nilipotia mbavu hakijabadilika umbo. Na hakuna kipande kinachopanda gari bila kuvikwa kanga nyeupe na kuwekwa miguuni pangu, si nyuma.

Kwenye rangi sitakaa sana. Gundi nyeupe ya mbao, mpako wa kwanza umechanganywa na maji nusu kwa nusu, mitatu iliyofuata mizito kidogo, kila mmoja ukauke kabisa. Kisha nyeusi ya kupuliza, isiyong'aa. Mstari mwekundu niliupaka kwa brashi baada ya kubandika selotepu ya karatasi pande zote mbili, na selotepu niliitoa rangi ikiwa bado mbichi kidogo; ukingoja ikauke inabanduka nayo. Mwisho brashi kavu yenye rangi ya fedha, iliyofutwa kwenye gazeti hadi ikabaki kama haina kitu, nikaipitisha kwenye kingo tu: pembe za mabega, ncha za vigasha, mahali ambapo deraya ya kweli ingekwaruzwa na milango. Kazi hiyo ya dakika 20 ndiyo iliyomdanganya muuza nafaka. Vifungio vya plastiki vya mabegi na lastiki pana nilivipata sokoni Marikiti kwa chini ya shilingi 600 vyote.

Safari ilikuwa kwa treni ya Madaraka Express kutoka Miritini, deraya ndani ya sanduku moja kubwa, vipande vimepangwa kimoja ndani ya kingine kama sufuria. Kwenye mashine ya ukaguzi askari wa kike aliniomba nifungue. Alishika kigasha, akakibonyeza, akaniuliza kama ni cha mgonjwa aliyevunjika. Nilimwonyesha picha ya Shepard kwenye simu. Aliitazama kwa muda, akasema, "Huyu ana cheo," akanisaidia kufunga sanduku.

Huko NAICCON niliivaa deraya siku mbili, saa sita kwa siku. Hali ya hewa ya Nairobi ni rehema kwa povu; hakuna mshono uliofunguka. Kilichoniangusha ni lastiki ya paja la kushoto, niliyoishona kwa uzi mmoja kwa haraka, ilikatika saa nane siku ya kwanza, na kijana aliyevaa deraya ya kijani ya Master Chief wa gemu ya Halo alinipa pini mbili kutoka kwenye mkoba wake wa akiba. Tulikaa ngazini tukilinganisha. Yake ilikuwa ya fibaglasi, yaani nyuzi za kioo na utomvu, juu ya karatasi ngumu, njia ya zamani ya mashabiki wa Halo, ngumu kweli kweli, ukiigonga inalia. Aliniambia vumbi lake lilimwasha ngozi wiki mbili na hawezi kuketi akiwa ameivaa. Mimi nilikuwa nimeketi. Aligonga kifua changu kwa kifundo akitegemea mlio, hakusikia kitu, akagonga tena. Nikamwambia aende kwa mafundi viatu wa Nairobi aulize shiti ya soli.

Jumla yangu, bila kuhesabu mikeka ya watoto na bila barakoa ya mjomba, ni shilingi 13,600, na blowa, barakoa yangu na kopo zima la gundi vimo humo na vitatumika tena. Ningeanza leo nisingegusa mikeka kabisa: shiti nzima ya milimita 10, nusu ya milimita 5, nusu ya milimita 3, na ningebandika kati ya Desemba na Machi, asubuhi, juu ya paa.

Mabaki ya milimita 3 nilimrudishia mjomba kwenye mfuko. Ameyakata kuwa soli za ndani za viatu, na wateja wamezipenda. Dereva mmoja wa tuktuk amerudi mara mbili kuzitaka za jozi zake zote, na sasa mjomba ameniagiza nikienda tena dukani kwa ajili ya chapeo, nimchukulie na yeye shiti nzima.